Mtani wa Chumba cha Pili

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba mtu amelalamikia kelele za jirani, hucheka, kwa sababu wao wenyewe ndio kelele. Hawajui kwamba palikuwa na zama ambazo hata kelele ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na siku zake, na mtu aliyepiga kelele isiyo yake aliulizwa ameitoa wapi. Mwanamke mmoja aitwaye Sikujua aliziishi zama hizo, akaziona zikifa, tena kupitia ukuta wa matete uliotenganisha chumba chake na cha jirani yake Feruzi.

Alizaliwa Ubwari, ng'ambo ya ziwa. Akavushwa angali mtoto na watu ambao maisha yake yote hakupenda kuwataja, akalelewa Ujiji katika nyumba ya Mwarabu, na humo akafundishwa mambo matatu: kusali, kusuka ukili na kunyamaza. Mawili ya kwanza aliyashika vizuri. Alipoolewa na Uledi, Mzaramo aliyekuwa mnyapara wa wapagazi mpaka miguu yake ilipokataa safari, wakahamia Rumonge, kaskazini kwenye ufuko uleule, na pale mji mzima ukajua kwamba somo la tatu halikumwingia. Alikuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni. Mnunuzi aliyechovya kidole kuonja hakuambiwa neno. Aliyechovya mara ya pili aliambiwa, "Lete na ugali basi, ukae chini ule vizuri."

Walikaa katika nyumba ndefu ya Mbaraka. Baba yake Mbaraka ndiye aliyeijenga, wakati wa biashara ya pembe za ndovu, ili wageni wa misafara wapate pa kulala. Ilikuwa na vyumba vinane ubavu kwa ubavu, baraza moja mbele, ua mmoja nyuma, na paa moja la nyasi juu ya wote. Kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu aliyeinua mkono, na kutoka hapo palikuwa wazi chumba kwa chumba, moshi upate njia. Moshi ulipita, na kila kitu kingine kilipita pamoja nao: kikohozi, ugomvi, harufu ya samaki wa ndagala, na ahadi ambazo waume huwapa wake zao wakidhani wako peke yao.

Ndiyo sababu watu wa nyumba ile walikuwa na adabu. Si kwamba walikuwa watu wema kuliko wengine, ila hawakuwa na dari. Mwanamke aliyetaka kutwanga aliuliza kwanza, "Kuna mgonjwa huko?" Mtu akisikia kwa bahati mbaya neno lisilomhusu, alikohoa, na wenye neno wakashusha sauti, na asubuhi wakasalimiana kama kawaida. Hakuna aliyefundishwa mambo hayo shuleni, maana shule ilikuwa haijaja kuwafundisha watoto kupayuka kwa pamoja.

Kisha ukaja mwaka wa ugonjwa wa malale. Serikali ya Wadachi ikawaondoa watu kwenye vichaka vya ufukweni, huku Kigwena na kwingineko, ikafyeka miti, na watu wakamiminika Rumonge na vikapu vichwani. Mbaraka, ambaye baba yake alikuwa akichagua mgeni kama mtu anavyochagua mkwe, alimfungulia kila aliyebisha. Hivyo ndivyo Feruzi alivyopata chumba cha pili, pembeni mwa Sikujua.

Feruzi alikuwa Mnyamwezi mwenye kifua kipana na akili za kutosha kukijaza hewa. Alikuwa amepiga tarumbeta katika boma moja la kaskazini. Mwenyewe alisema ameacha kazi. Waliotoka huko walisema kazi ndiyo iliyomwacha. Vyovyote ilivyokuwa, alikuja na tarumbeta yake, pamoja na mke aliyeitwa Batuli, mwanamke mwenye moyo mwepesi na kicheko kama cha masufuria yanayoanguka. Kila alfajiri, kabla mwadhini hajasafisha koo, Feruzi alisimama uani akapiga mlio wa kuwaamsha askari. Askari hawakuwapo. Waliamka kuku, watoto wachanga na wazee wenye baridi yabisi. Adhuhuri alipiga mlio wa kuwaita askari kula, na wao wawili wakala muhogo.

Uledi alipokuwa hai, jambo hilo lilikuwa na dawa yake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu njia ya misafara, wakati walipozikana porini, na mtani wako unaweza kumtukana mbele ya mkewe asiruhusiwe kununa. Uledi alikuwa akiketi barazani, miguu yake imenyoshwa juani, na tarumbeta ikizidi humwita kwa sauti ndogo tu.

"We mtumwa wangu."

"Nani mtumwa? Mtumwa ni wewe, nilikununua kwa fungu la samaki."

"Ndiyo, na bado nilikuwa ghali kwako. Weka hilo pembe, bwana wako anataka kulala."

Feruzi alicheka, akaiweka. Hakuaibika, kwa sababu ulikuwa utani, na Uledi hakujifanya mkubwa. Watu wa leo wanahitaji polisi kwa kazi ile ambayo mzee mmoja aliifanya bila kuvuta miguu yake kutoka juani.

Uledi akafa kwa kifua, siku chache baada ya Idi.

Makaburini, mwanandani ulipokuwa tayari, Feruzi aliruka akaingia kaburini akajilaza chali. Watu hawakushangaa. Walikuwa wakimngoja. "Sitoki," alisema. "Mtumwa wangu hawezi kwenda kwa Mungu amevaa nguo safi na mimi bwana wake nabaki na matambara. Nipeni nguo." Mtu akatumwa nyumbani, na Sikujua, ambaye alikuwa ameshavikwa nguo nyeupe za ujane, alifungua kasha akatoa kanzu ambayo Uledi aliivaa kusali Idi ile ya mwisho. Feruzi akaivaa palepale juu ya udongo, ikamkaba kifuani, akazunguka kama bwana arusi. Waliokuwa wakilia wakacheka, hata mwalimu Swedi, imamu wa msikiti, alifunika mdomo kwa kofia. Kisha wakamfukia mtu wao. Kazi ya mtani ndiyo hiyo: kicheko kinachompa mtu nguvu ya kushika jembe.

Siku ya tatu matanga yaliondolewa. Hapo kelele ya mtani nayo hukoma, arudi kuwa jirani kama jirani wengine. Sikujua alibaki ndani na eda yake ya miezi minne na siku kumi. Hakuwa na mtoto. Wala hakuwa na shamba la kumtolea mumewe sadaka. Alikuwa na eda tu, na aliiona ndiyo zawadi ya mwisho aliyoweza kumpa Uledi: kuikaa yote, katika chumba kilekile alichofia, bila kutoka, bila kupamba, bila kuinua sauti yake kwa wanaume wasio ndugu zake. Wajane walioivunja alikuwa amewasema yeye mwenyewe sokoni, tena bila kushusha sauti, na alijua ulimi wa mji ule ungemlipa kwa kipimo kilekile.

Feruzi naye alijua. Alijua kwamba mwanamke aliyekuwa akiogopwa mpaka na wenye mitumbwi sasa amefungwa kwa pazia la kaniki. Akaleta beni.

Beni ilikuwa ngoma mpya iliyopanda kutoka pwani pamoja na reli. Watu wazima walijipanga mistari, wakabeba bunduki za miti, wakapeana vyeo: huyu Kingi, huyu Amiri, huyu Daktari Mkuu. Mtu aliyeshindwa kumpangia mkewe vyombo alitoa amri kwa watu ishirini waende kulia. Walicheza uani, nyuma ya chumba cha Sikujua, kila alasiri mpaka magharibi, Feruzi mbele na tarumbeta, amevaa kanzu ya Uledi iliyokwisha kuchanika kwapani. Batuli alitwanga kwenye kinu kufuata mdundo, na wakati mwingine kinu kilikuwa kitupu.

Hitima ya arobaini ndiyo iliyomvunja Sikujua moyo. Mwalimu Swedi na wazee walikaa barazani wakasoma, na yeye ndani nyuma ya pazia akitega sikio apate angalau kusikia jina la mumewe likiombewa. Alisikia "kulia, geuka." Wazee walipaza sauti, beni ikapaza zaidi, na mwishoni mwalimu alisoma dua kama mtu anayeita mtumbwi katikati ya upepo. Sikujua hakusikia jina.

Asubuhi yake, baada ya mlio wa kuwaamsha askari, alisema akielekea juu, pale ukuta ulipoishia.

"Batuli."

"Abee, mama."

"Mumeo anamwamsha nani?"

"Askari, mama."

"Wako wapi?"

"Mama nawe. Anapiga tu. Mudomo wake umezoea."

"Upe uji."

Batuli akaangusha masufuria yake ya kicheko. "Mama iko na maneno. Lakini si ni mtani wa marehemu huyu? Mtani hanuniwi. Ulimpa kanzu mwenyewe, kila mutu aliona."

"Nilimpa ya matanga. Matanga yameondolewa."

Hapo ikaja sauti ya Feruzi, nzito kwa usingizi wa pili, akimwambia mkewe kwa nguvu kana kwamba mkewe yuko ng'ambo ya ziwa. "Batuli, mwambie huyo mjakazi wangu hivi: mjane akiwa bado ndani, matanga hayajaisha. Maadamu yeye yumo edani, mimi nimo kazini."

Neno hilo lilizunguka mji, na watu wakalipokea. Hilo ndilo kosa ambalo ni watu wa kwetu tu wangeweza kulifanya. Mtu wa kabila lisilo na utani angetoka akamwambia mpumbavu yule afunge mdomo. Wao waliiheshimu mila hata ilipobebwa na mtu asiye na heshima, wakasema, "Ni mtani, mwacheni," wakaziba masikio kwa adabu. Kila alasiri walicheka kidogo, kwa wajibu, kama watu wanaolipa kodi.

Sikujua akamwita Mbaraka. Mwenye nyumba alikuja akasimama nje ya pazia, akisugua kisigino kimoja kwa kidole cha mguu wa pili.

"Bi Sikujua, pole na msiba."

"Msiba nimeshapoa. Sijapoa ngoma. Huyu mpangaji wako hataki kunyamaza."

"Ni utani, bi mkubwa. Utani nitauzuiaje?"

"Baba yako angeuzuia."

"Baba hakuwa na serikali juu ya kichwa chake. Feruzi anajuana na watu wa boma. Anamtaja Bwana Mdachi kwa jina." Kisha akatoa alichokuja nacho. "Nilikuwa nawaza, kama kelele zinakuudhi, si uhamie kwa wifi yako Zena? Nyuma ya msikiti ni kimya. Umalizie huko eda yako."

"Nitoke katika nyumba ya mume wangu kabla ya siku zangu."

"Ni mwendo mfupi tu."

"Mbaraka, kuta zako ni fupi, lakini zimekupita urefu. Nenda."

Akaenda, na alionekana kuwa na furaha ya kuruhusiwa.

Zena alikuwa dada yake Uledi, mwanamke mwembamba asiyesema sana, aliyemletea Sikujua maji kila siku na kumpelekea mawese sokoni. Alisikiliza habari ya Mbaraka huku akifuta kibuyu. Mwishoni akauliza swali moja tu.

"Wifi, yule amesema kwa kinywa chake kwamba matanga hayajaisha?"

"Mji mzima unajua."

"Basi na mimi bado ninaye kaka wa kumlilia," Zena akasema, akatoka kwa mlango wa uani.

Ilikuwa alasiri, mistari imesimama, na Feruzi ameiweka tarumbeta juu ya kigoda anywe pombe ya ndizi. Sikujua aliyatazama yaliyofuata kupitia tundu la pazia. Zena alipita katikati ya Kingi na Daktari Mkuu kama anayepita katikati ya migomba, akaichukua tarumbeta, akaibana kwapani.

"Mtumwa wangu," alisema, "nimekuja kuchukua changu."

Watu wakacheka, na safari hii hawakucheka kwa wajibu.

"Rudisha hiyo, we mwanamke," Feruzi akasema, meno yake yakitabasamu peke yake.

"Mwanamke yupi? Mimi ni Mzaramo, baba yangu alikununua Tabora ukiwa na kamasi. Umesema mwenyewe matanga hayajaisha. Ulichukua kanzu, tukakaa kimya. Mimi nachukua pembe lako, nililie nalo mpaka wifi yangu atoke eda."

"Haki yake," mtu akasema katika mstari.

Ilikuwa haki yake. Kitu kilichotwaliwa na mtani katika msiba si cha wizi, na njia ya kukipata ilikuwa nyepesi: uje na kuku mkononi, upige magoti, useme "bwana wangu," watu wacheke, upewe. Angefanya hivyo, Feruzi angelala na tarumbeta yake usiku uleule, na mji ungempenda zaidi. Lakini wako watu wanaojua utani wa mkono mmoja tu, ule wa kutwaa. Feruzi hata kuaga hakuaga. Alfajiri iliyofuata mwadhini alisikika wa kwanza katika nyumba ndefu, na watu walilala tena baada ya sala bila kujua kwa nini miili yao imekuwa myepesi. Feruzi wakati huo alikuwa njiani kwenda boma dogo la Rumonge, kumshtaki Zena kwa wizi.

Kesho yake askari mmoja alisimama mbele ya pazia la Sikujua. Alikuwa kijana, na viatu vyake vilikuwa vipya kuliko yeye.

"Mama, nimeagizwa nikuite shaurini. Wewe na yule mwenzio. Bwana anataka kuwaona wote wawili."

Sikujua alisogea karibu na pazia. Alijua maana ya kukataa wito wa boma, maana alikuwa ameshawaona waliokataa.

"Wewe ni Mwislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako yu hai?"

"Alifariki mwaka juzi."

"Na mama yako alikaa eda?"

"Alikaa."

"Wakati ule angekuja mtu kumwita shaurini, ungemtoa?"

Askari alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyegundua kwamba amekanyaga mkeka. "Sikuambiwa kwamba ni eda. Nitasema unaumwa, mama."

"Usiseme naumwa. Siumwi. Sema nimefiwa. Na kama Bwana wako haelewi, aje mwenyewe nimweleze kupitia kaniki."

Askari akaondoka. Sikujua alikaa juu ya mkeka kutwa, akisubiri viatu virudi, kwa sababu kama wangerudi wawili au watatu wangemtoa kwa mikono, na eda ya Uledi ingeishia mlangoni mbele ya Batuli. Hakula. Jua lilipoanza kushuka alisikia mtu akijikohoza, na si viatu. Alikuwa Mwasiti, kikongwe wa chumba cha mwisho, aliyekwenda shaurini kwa sababu hajawahi kukosa shauri lolote.

"Nipishe nikae kwanza," Mwasiti akasema. "Habari iko kubwa kuliko magoti yangu."

"Zena yuko wapi?"

"Yuko boma. Anapaka chokaa mawe ya njia, mpaka mawe yote yaishe. Subiri, usinikatize. Bwana amekaa, mkalimani amesimama. Feruzi akasema ameibiwa. Zena akasema, sikuiba, nimechukua kwa utani. Mkalimani akageuka kwa Bwana, akafungua mudomo, neno hakuna. Mudachi hawana utani. Bwana akauliza, utani ni nini, ni aina ya kodi? Mkalimani akasema hapana. Ni ugonjwa? Hapana. Ni chama cha siri? Watu wakaogopa, wakasema hapana, hapana."

"Na mimi?"

"Askari wako alisema umefiwa, umekaa eda. Mkalimani hiyo aliweza kuitafsiri. Bwana akapunga mkono, akasema akae. Wewe haikuwa na maana sana kwake. Sikiliza yanayokuja. Bwana akamuuliza Feruzi yeye mwenyewe: huyu mwanamke ni nani kwako? Kuna huo utani kati yenu?"

Mwasiti akapangusa macho yake kwa ncha ya kanga.

"Akasema nini?"

"Angesema ndiyo, hakuna wizi, Zena anarudi nyumbani. Basi akasema: 'Sina utani naye, Bwana, wala na kaka yake sikuwa nao. Utani ni mambo ya wapagazi. Mimi ni mtu wa serikali.'"

"Rudia."

Mwasiti akarudia.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, na mkalimani akayasema tena kwa Kidachi. Sasa hata Kaizari anajua."

Feruzi alirudi magharibi, tarumbeta mkononi, amevaa kanzu. Alipiga milio yote aliyoijua, ya kuamsha, ya kula, ya kushambulia, akamalizia na mmoja ambao labda alijitungia. Alipopumua, sauti ya Sikujua ilitoka juu ya ukuta. Haikuwa kubwa. Katika nyumba ile haikuhitaji kuwa kubwa.

"Feruzi."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Si yeye, wala si Uledi. Mtani haitwi kwa jina.

"Feruzi, leo umesema huna utani na Uledi. Nimesikia, na nimekubali. Sasa nakuuliza kama jirani. Siku ya maziko uliingia katika kaburi la mtu ambaye huna utani naye, ukajilaza, ukadai nguo. Mtani akifanya hivyo, ni mtani. Asiye mtani akifanya hivyo, sijui anaitwa nani. Nirudishie kanzu ya mume wangu."

Katika chumba cha Mwasiti mtu akakohoa, kile kikohozi cha zamani. Kisha akakohoa mtu katika chumba cha tano, na kingine, mpaka nyumba nzima ikawa imemjulisha Feruzi kwamba imesikia.

Siku iliyofuata Batuli alizunguka na kigae akiomba moto. Kila mlango moto ulikuwa umezimika, ingawa moshi ulikuwa ukipaa juu ya paa. Alasiri Kingi hakuja, wala Amiri. Daktari Mkuu alipita njiani akitazama upande wa ziwa. Hawakuwa watu wema, hao. Walikuwa wajinga wale wale wa jana, lakini kila mmoja wao alikuwa na watani wake, na alijua kwamba anayemshtaki mtani wake kwa serikali atakosa mtu wa kumfukia. Feruzi alipiga tarumbeta peke yake mbele ya ua mtupu. Mlio bila watu wa kuupuuza haupendezi hata kwa mpigaji. Mbaraka naye, ambaye utani ulikuwa kisingizio chake pekee, alijikuta hana pa kujificha. Wazee walipomwendea aligundua ghafla kwamba chumba cha pili kina mchwa na kinahitaji kubomolewa.

Kanzu aliileta Batuli, imekunjwa. "Nimeifua, mama," alisema nje ya pazia. "Kwapani nimeshona. Kwaheri."

"Uzi umechagua vibaya," Sikujua akasema. Baada ya kidogo akaongeza, "Kaa, uchukue moto." Lakini Batuli alikuwa ameshaondoka. Walipanda mtumbwi wa mawese kwenda Nyanza, kusini mwa ufuko uleule, huko walikokuwa hawajajulikana.

Zena alirudi mawe yalipoisha, vidole vimebambuka kwa chokaa, akaendelea kuleta maji. Sikujua alikaa siku zake zote katika ukimya ambao alikuwa ameuomba.

Hayo ndiyo niliyoanza kuyasema kuhusu zama. Mtu angedhani mji ungepata akili. Mji ulipata akili nyingine. Watu waliona kwamba shauri la tarumbeta limepelekwa boma na mtu akafungishwa kazi, wakavutiwa. Mwaka uleule mmoja alimshtaki jirani kwa kinu, mwingine kwa jogoo aliyewika mapema. Hata Wanyamwezi wa Rumonge, watu wazuri ambao hawakuhusiana na Feruzi, walianza kuogopa. Nani atatwaa kuku wa mtani, kama kuku huyo anaweza kugeuka mnyororo?

Eda ilipokwisha, wanawake walimpeleka Sikujua ziwani asubuhi, wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamtia mafuta nywele zilizoota mvi gizani. Kurudi kwake kulikuwa na desturi. Mtani wa marehemu husimama mlangoni na miguu iliyotanuka, akamzuia mjane, akamwambia mbele za watu kwamba amenenepa, kwamba amekuwa akila vya mtumwa wake huko ndani peke yake, na mjane humtukana naye kwa mara ya kwanza tangu msiba, humpa kitu, humsukuma, na huingia akicheka. Bila hilo mjane ametoka eda kwa hesabu ya siku tu.

Zena alikuwa amewaendea wazee wa Kinyamwezi tangu juma lililopita. Mkubwa wao alimkaribisha, akamkalisha, akamsikiliza kwa heshima zote.

"Mwanangu, Uledi alikuwa mtumwa wangu, Mungu amrehemu," alisema. "Lakini mimi ni mzee. Leo nitasimama mlangoni, kesho nitaulizwa na mkalimani nilisimama kwa kibali cha nani. Mwambie mjane atusamehe."

Basi waliporudi kutoka ziwani, mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Baraza lilikuwa limefagiwa. Katika chumba cha pili hapakusikika hata panya. Sikujua alisimama mbele ya kizingiti na wanawake wote nyuma yake, akangoja kidogo, kwa sababu ndivyo inavyofanywa. Ulimi wake ulikuwa tayari na hapakuwa na wa kumpa.

"Wifi, ingia," Zena akasema. "Hakuna anayekuzuia."

"Ndiyo naona," Sikujua akasema.

Akajitanda kanga vizuri, akaingia.